Upanga Uliokunjwa wa Tyddyn Hesg

Julai 2
Wamekuja. Magari mawili, choo kimoja cha plastiki, na turubai la bluu ambalo upepo ulilipeleka kwa kondoo kabla hata chai haijamiminwa. Bibi alisimama dirishani akiwatazama wasomi wakikimbizana na turubai malishoni, akasema, "Hawa ndio watakaotuambia habari za wazee wetu?"

Baba hakucheka. Baba hajacheka tangu Februari.

Ninaandika haya kwa Kiwelshi cha nyumbani. Kiingereza changu cha shuleni ni cha kujibia mitihani. Sijui kulalamika nacho, na msimu huu nina mengi ya kulalamikia.

Julai 4
Kosa ni la Baba mwenyewe, naye anajua, ndiyo maana hatuna ruhusa ya kulitaja. Mwaka jana, akisafisha mfereji kando ya kinamasi chetu, aliokota pete ya shaba nyeusi, kubwa kama ya kupitishia hatamu za farasi. Mtu mwingine angeitia mfukoni. Baba akaenda kumwonyesha Mzee Elwyn Parri mlangoni pa kanisa. Mzee Elwyn ni mwenyekiti wa kamati ya historia, wa kamati ya kwaya, na wa kamati inayochagua wenyeviti wa kamati. Kabla ya Jumapili iliyofuata kisiwa kizima cha Môn kilikuwa kinajua kwamba Tyddyn Hesg, shamba letu la matope, lilikuwa madhabahu ya makuhani wa kale, Wadruidi.

Kwa hiyo Baba alipoomba kibali cha kukikausha kinamasi, ofisi ilimjibu asubiri kwanza wataalamu wachimbe majira haya ya kiangazi. Wasipopata kitu cha maana, katapila litaingia Septemba 2. Wakipata, basi tena.

Baba anataka kikauke kwa sababu ya Babu. Januari ng'ombe wetu mmoja, mtamba, alizama mle. Babu, na umri wake ule, aliingia hadi kiunoni na kamba. Mtamba akapona. Babu akarudi ndani amelowa, akanywa chai, akasema yuko sawa, na Februari tukamzika. Tangu hapo Baba akikipita kile kinamasi hugeuza uso kama anapishana na mtu waliyegombana naye.

Bibi hataki kikaushwe. Hasemi kwa nini. Anasema, "Kiacheni."

Mama yangu ni muuguzi mjini Bangor, anafanya kazi usiku na analala mchana. Hayumo katika ugomvi huu, bahati yake.

Julai 9
Kiongozi wa wachimbuzi anaitwa Daktari Coulson. Ni mwanamke mrefu mwenye viganja vya mkulima na kofia iliyokwisha umbo. Ni mpole sana na ananikera sana. Neno lake ni "labda". Ukimwuliza kama atakunywa chai nahisi atasema ushahidi hautoshi.

Mimi ndiye mkalimani. Bibi anajua Kiingereza. Miaka yote amewauzia mayai Waingereza wa nyumba za likizo na hajawahi kupunjwa hata yai. Lakini tangu Babu afe amekataa kukisema. "Nilikuwa nakisema kwa ajili ya mayai," anasema, "na sasa kuku ni wa baba yako." Basi mimi, ambaye nikisemeshwa na mgeni shingo huanza kuwaka na moto ukapanda mpaka masikioni, ndiye niliyewekwa katikati.

Leo Daktari aliuliza kama familia ina hadithi zozote kuhusu kinamasi.

"Mwambie kina maji," akasema Bibi.

"Anasema... hakuna hadithi nyingi," nikasema.

"Nimesema kina maji, Lleucu. Usiniongezee chumvi."

Daktari akauliza, "Amesema nini sasa?"

"Anasema kina maji."

Daktari akaandika. Kweli kabisa, akaandika.

Julai 10
Mvua.

Julai 11
Mvua. Wanachimba maji na kuyamwaga nje, nayo yanarudi kwa adabu.

Julai 15
Leo tumepata Wadruidi wenyewe. Wametoka Birmingham kwa basi dogo, watu wazima wenye kanzu nyeupe na viatu vya kupandia milima, wakaulizia "duara takatifu". Nikaonyesha kwa kidole upande wa shule ya msingi, kwa sababu kule kweli kuna duara la mawe. Yaliletwa na lori Baba akiwa mtoto, tamasha letu la ushairi lilipofanyika hapa. Baba anakumbuka dereva aliyashusha vibaya, wakakaa siku nzima wakibishana lipi liende wapi. Leo watu wazima wamelikumbatia jiwe moja na kulia.

Mzee Elwyn alipita akawaona. Akaja kwetu anahema kwa hasira. "Kanzu! Mbele ya shule! Watu hawana haya?"

"Wewe mwenyewe una kanzu, Elwyn," akasema Bibi.

"Dada Morfudd, yangu ni ya bluu. Nilipewa kwenye tamasha la ushairi!"

"Na ile ya kijani uliyovaa kabla yake?"

"Hiyo ilikuwa ya mtihani!"

Kisha akanigeukia mimi: ni nani aliyewaelekeza kule? Nikasema nina maziwa jikoni yatachemka. Hatukuwa na maziwa jikoni.

Julai 19
Shule imefungwa. Nimekwenda shimoni mwenyewe bila kutumwa. Daktari hakushangaa, akanipa mwiko mdogo kama wa fundi wa matofali, akanionyesha namna ya kukwangua udongo mweusi kwa pembe yake, na hakunisemesha saa nzima. Nadhani nilimpenda kwa ile saa.

Halafu nikauliza. Nilikuwa nimeyapanga yale maneno kichwani tangu asubuhi. Je, Wadruidi walikuwepo hapa?

Akasema wao wenyewe hawakuandika chochote. Walioandika ni Warumi waliokuja kuwaua, na mshindi hamsifu aliyemchinja. Mawe makubwa ambayo kila mtu huwapa Wadruidi yalisimamishwa maelfu ya miaka kabla yao. Kinachobaki ni vitu vilivyotupwa majini. Kama lile ziwa la karibu na uwanja wa ndege, walikoopoa panga, mikuki na magurudumu ya magari ya vita, na mnyororo wa kufungia watumwa shingoni. Hilo najua, kila mtoto wa Môn anajua: wafanyakazi waliutumia ule mnyororo kuvutia malori yaliyokwama topeni, na haukukatika, ndipo baadaye ikajulikana una umri wa miaka elfu mbili.

"Panga nyingi zilikunjwa kwanza," akasema. "Zilizokuwa nzima, nzuri, zenye makali. Mtu alizipinda, kisha akazitupa."

"Kwa nini?"

"Labda ili mwingine asizitumie. Labda zilihesabiwa kama zimeuawa, ziende na mwenyewe. Labda..."

Nilitaka kumrushia tope. Miaka thelathini ya kusoma, na mtu hawezi kukwambia kwa nini mwenzake alikunja upanga!

Julai 22
Mvua. Wamepata kigingi cha mti na mfupa wa ng'ombe. Baba: "Mfupa wa ng'ombe, katika shamba la ng'ombe. Wapige simu London."

Julai 26
Leo saa nne asubuhi, pembeni mwa shimo, pale udongo uliporomoka wiki iliyopita, mwanafunzi mmoja alipiga kelele. Wote tukainama. Bonge la kutu na mboji, refu kama mkono, na ndani yake chuma. Chuma chembamba, kirefu, kilichokunjwa katikati kama barua.

Daktari alipiga magoti akalitazama kwa muda mrefu. Akasema labda ni cha kale, labda si cha kale, udongo wa pale umevurugika, tusubiri picha ya eksirei. Mzee Elwyn, aliyekuwa amekuja kuleta keki za kamati, alisikia neno moja tu katika yote hayo, nalo halikuwa labda.

Baba alitazama kutoka kwenye trekta. Hakushuka.

Julai 28
"UPANGA WA MAKUHANI WAPATIKANA MÔN." Ukurasa wa mbele, na picha ya bonge likiwa mikononi mwa Daktari. Mzee Elwyn ndiye aliyezungumza na gazeti. Ametumia neno "sadaka" katika kila sentensi.

Nilimwekea Bibi gazeti mezani alipokuwa anamenya viazi. Alivaa miwani. Akatazama picha. Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akavaa tena. Kisha akaligeuza gazeti kifudifudi na kuanza kumenyea maganda juu yake.

"Bibi?"

"Viazi vya mwaka huu vina macho mengi," akasema.

Julai 31
Sitaki kuandika siku ya leo, na ndiyo maana nimejifungia chumbani niiandike yote.

Daktari alikuja jikoni na mkate wa zabibu, dalili kwamba ana swali zito. Akakaa. Akaniambia nimwulize Bibi polepole: je, kuna mtu yeyote wa nyumba hii, kwa kumbukumbu yake, aliyewahi kutupa kitu cha chuma kinamasini? Alisema ofisi inamwuliza, na kama lile bonge ni la kale ataomba katapila lizuiwe kabisa. Kama si la kale, hana cha kuwazuia nacho. Pete moja, kigingi na mfupa havitoshi.

Nikamtafsiria Bibi, polepole.

Bibi alikuwa anakoroga sufuria. Hakugeuka. "Mwambie hapana."

Kuna namna Bibi anavyosema hapana akimaanisha hapana, na kuna namna nyingine. Daktari hajui Kiwelshi. Mimi ninakijua. Shingo ikaanza kuwaka.

"Hapana," nikasema kwa Kiingereza.

Alipoondoka nikafunga mlango. "Bibi. Ni nini kile?"

"Kitu gani?"

"Bibi, jamani!"

Akaketi. Akaniambia huku anaangalia dirisha, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Mwaka alioolewa, baba mkwe wake alikufa katikati ya mavuno ya majani, fahali zima la mtu, kaanguka shambani. Baada ya mazishi mama mkwe aliutoa mundu wa marehemu ukutani, ule mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Akaung'oa mpini. Akamwita bibi harusi nje, akamwambia, "Shika upande ule." Wakaukunja kwenye nguzo ya geti, wanawake wawili. Wakaenda nao kinamasini, wakautupa. Wakarudi kukamua ng'ombe.

"Mlisali?"

"Kule? Tusali kwa nani? Sisi ni watu wa kanisa."

"Sasa kwa nini?"

"Alisema hakuna mkono mwingine utakaoushika. Basi."

"Na mama mkwe wako alijifunza wapi? Kwa mama yake? Ilianza lini?"

"Sikuuliza. Bibi harusi haulizi kila kitu. Na wewe punguza maswali, umeanza kuwa kama yule daktari wako."

Kisha akaniingiza chumbani kwake. Chini ya kitanda, ndani ya aproni, upo mkasi wa Babu wa kunyolea kondoo, ule wa mkono, wenye mapanga mawili yaliyoungana kwa upinde mmoja wa chuma. Babu hakukubali mashine ya umeme mpaka anakufa. Bibi amekuwa akingoja tangu Februari. Kwanza kulikuwa na barafu, kisha kondoo walikuwa wanazaa, kisha wakaja watu na turubai na kamera.

"Sasa unaelewa," akasema. "Kikikaushwa, nampelekea wapi mkasi wake? Na ikijulikana ule ni mundu wa mkwe wangu, kitakaushwa. Acha uwe upanga."

"Ungemwambia Baba tu."

"Nimwambie kile kinamasi kilichomuua baba yake nataka nikipe na mkasi wake pia? Mwambie wewe." Akafunga aproni. "Na Elwyn asijue. Babu yako alikuwa mzee wa kanisa miaka yote. Elwyn akisikia, atanitia katika historia yake, na wale wa kanzu watakuja kunibusu mkono."

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo. Baba anataka kinamasi kisiwepo kwa sababu ya Babu. Bibi anataka kiwepo kwa sababu ya Babu. Hawaambiani. Na mimi natakiwa kudanganya kwa lugha mbili.

Agosti 3
Mvua. Sikwenda shimoni. Nilisema naumwa tumbo, na baadaye likauma kweli.

Agosti 7
Baba amevuna majani ya shamba la juu kati ya mvua mbili. Nusu yamelowa. Hasemi na mtu.

Agosti 8
Watu wa kanzu wamerudi. Wameleta maua na kuyatundika kwenye uzio wa wachimbuzi. Ng'ombe wameyala.

Agosti 12
Daktari ananifundisha kuchora tabaka za udongo. Ana subira ambayo sistahili. Leo alinisifu kwa mstari mmoja nilioupata sawa nami nikataka shimo linimeze, na lilikuwepo pale pale miguuni.

Amesema bonge litapigwa picha Liverpool tarehe ishirini. Mashine inaona ndani ya kutu. Kama kuna alama ya mhunzi, au ya kiwanda, itaonekana.

Nikamwambia Bibi. "Mashine itaona, Bibi."

"Mashine ya Liverpool inamjua mkwe wangu?"

"Inaona alama ya kiwanda!"

"Labda ilifutika," akasema Bibi, na mimi nikaondoka jikoni kabla sijapiga kelele. Labda! Na yeye!

Agosti 15
Mvua.

Agosti 16
Nimefikiri hivi. Mashine ikisema, itajulikana kwamba Bibi aliulizwa akakataa. Daktari atajua. Elwyn atajua. Atakuwa mwongo mbele ya kanisa zima, na uongo wenyewe ulipita kinywani mwangu. Nikisema mimi kwanza, angalau atakayejua ni mtu mmoja. Lakini nikisema, katapila linakuja.

Nimelirudia hili wiki nzima na kila mara linaishia pale pale. Nimechoka na watu wazima. Kila mmoja ana huzuni yake ameificha chini ya kitanda, na mtoto ndiye anayejikwaa nayo.

Agosti 18
Leo nimesema.

Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba ambayo huioni mpaka umelowa. Wanafunzi walikuwa wamekimbilia garini kula sandwichi. Daktari alibaki shimoni anachota maji kwa ndoo. Nilishuka. Nilikuwa nimezipanga sentensi zangu kwa Kiingereza sahihi, na zote zikanipotea, nikasema kama mtoto wa darasa la kwanza: "Si upanga. Ni mundu. Wa babu wa baba yangu. Bibi anajua. Nilisema hapana, lakini ilikuwa ndiyo."

Akaweka ndoo chini. Nikamweleza mengine, nguzo ya geti, bibi harusi, kukamua ng'ombe. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilingoja aniulize kwa nini nilimdanganya. Hata jibu nilikuwa nalo.

Akaketi kwenye ukingo wa shimo, kwenye tope.

"Ni nani aliyeshika upande wa pili?" akauliza.

"Bibi."

"Bibi yako. Aliye pale jikoni."

"Ndiyo."

Akafuta tope viganjani. Kisha akasema kwamba maisha yake yote amekuwa akisafisha vyuma vilivyokunjwa, na hajawahi kukutana na mtu aliyekunja kimoja. Nilidhani atasema "labda", hakusema.

Nikamwomba asije kumwuliza Bibi maswali. Nikamwomba asimwambie Elwyn. Akasema kwa Elwyn na gazeti atasema tu ni kifaa cha shamba cha karne iliyopita, kwa sababu ndivyo kilivyo. "Lakini ofisini lazima niseme ukweli, Lleucu. Unajua maana yake."

Nikasema najua. Kisha nikamsaidia kuchota maji, maana sikujua kingine cha kufanya na mikono.

Agosti 19
Nimemwambia Bibi. Alikuwa anakunja mashuka. Aliendelea kukunja.

Agosti 20
Bibi haongei nami.

Agosti 21
Picha imetoka. Kuna herufi za kiwanda kwenye chuma, safi kabisa. Mzee Elwyn amepokea habari kama msiba. Alikuja akakaa sebuleni na kofia magotini. "Kifaa cha shamba," akawa anamwambia Baba. "Kifaa cha shamba, Idwal."

"Upanga, eti," akasema Baba, akainua simu kumpigia mwenye katapila.

Bibi alimletea Elwyn chai. Mimi hakuniletea.

Agosti 24
Mvua. Bibi haongei nami.

Agosti 27
Bibi amesema, "Sogea." Nahesabu kama mazungumzo.

Agosti 30
Wachimbuzi wanafukia shimo. Daktari amenipa ule mwiko. Mashimo yakijaa, anasema, huwa anajisikia kama amemaliza kumfunika mtu aliyelala. Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Nikasema, "Ahsante kwa mwiko."

Septemba 2
Katapila limefika asubuhi, la manjano, na dereva anaitwa Huw, kijana anayependa kuongea. Daktari alikuwa anapakia choo cha plastiki kwenye trela. Mzee Elwyn alikuwa amekuja kuchukua meza ya kamati aliyowaazima wachimbuzi. Baba alikuwa anamwonyesha Huw mfereji uanzie wapi uishie wapi, ananyoosha mkono kwa hasira, kana kwamba kila sehemu ya kile kinamasi imemkosea kivyake.

Mlango wa nyumba ukafunguka, Bibi akatoka. Alikuwa amevaa koti la kanisani. La kanisani, na mabuti ya mpira. Mkononi ameshika aproni iliyofungwa kitu. Akapita kuku, akapita Elwyn, akapita Daktari, akafika kwenye geti la malisho akasimama.

"Idwal!"

Baba akageuka. "Mama, rudi ndani, utelezi huo!"

"Njoo hapa."

Akaja. Bibi akafungua aproni. Baba alipouona mkasi akabadilika rangi. Nadhani alikuwa ameutafuta. Kuna siku mwezi wa tano alivuruga banda zima na hakusema anatafuta nini.

"Shika upande ule," akasema Bibi.

"Tunafanya nini?"

"Shika."

Akashika panga moja, Bibi akashika la pili, wakavuta. Upinde ukafunguka, ukafunguka zaidi, na Bibi alipopumzika kidogo tu ukajifunga wenyewe, klap, kama unavyofanya siku zote. Wakavuta tena. Klap. Babu aliuchagua vizuri mkasi wake. Mara ya tatu Bibi alitaka kuanguka, na Huw akapiga kelele kutoka juu: "Bibi, nikukunjie na katapila?"

"Wewe kaa humo humo!"

Elwyn akasogea. "Dada Morfudd, hiki ni nini? Tunaweza..."

"Elwyn, nikilisikia hili kanisani, au likitajwa pamoja na neno lolote la makuhani, nitajiunga na kamati zako. Zote. Nitahudhuria kila kikao."

Elwyn akavua kofia. Sijui kama ni kwa heshima au kwa hofu.

Kisha Bibi akamgeukia Daktari aliyekuwa amesimama mbali mikono kifuani, akasema kwa Kiingereza, kizuri kuliko changu: "Na wewe usisimame kama nguzo. Tuambie. Wale wa zamani walifanyaje?"

Daktari alifungua kinywa. Niliona "labda" inakuja. Akasema, "Sijui. Wewe ndiye uliyewahi kufanya."

Bibi akamwangalia vizuri, kama anaangalia yai kwenye mwanga. Akaitikia kwa kichwa. Akauweka mkasi kwenye nguzo ya geti, panga moja upande huu, jingine upande ule. "Sasa, mwanangu. Kwa uzito wako wote."

Baba akaegemea. Alikuwa analia, na alikuwa anaegemea, na chuma kikalalamika, kikapinda, na safari hii hakikurudi.

Walikwenda wawili, polepole, Bibi ameshika mkono wa Baba kwa sababu ya utelezi. Hakuna aliyewafuata. Daktari hakupiga picha. Kamera ilikuwa shingoni kwake na hakuigusa. Tukasikia maji. Sauti ndogo tu, kama ya chura.

Waliporudi, Bibi alinipita, akasimama, akanirekebisha kola ya koti langu kwa nguvu mpaka ikaniuma. "Ungeniambia kabla hujamwambia yule," akasema. Nikasema ningekwambia ungenikataza. "Ningekukataza," akasema, na akaenda kuweka maji ya chai.

Baba alibaki getini anatazama kinamasi. Nadhani ni mara ya kwanza tangu Februari kukitazama bila kugeuza uso.

Huw akapiga honi. "Bosi! Nianzie wapi?"

Baba akageukia nyumba. Akapaza sauti kuelekea mlangoni, kwa hasira, kama mtu aliyeonewa: "Na mimi nikifa je? Vyuma vyangu mtavitupa wapi?"

"Unaniuliza mimi?" Bibi akajibu bila kugeuka. "Mwenye katapila ni wewe."

Baba akasimama tena. Akatukana kwa neno ambalo Mzee Elwyn alijifanya hakulisikia. Kisha akamwendea Huw, na wakabishana kwa muda, maana Huw alikuwa amekodiwa kuchimba mfereji naye mfereji alikuwa ameupanga. Nikasikia Baba anasema, "Mashimo ya nguzo za uzio tu. Kuzunguka kote. Ng'ombe asiingie tena, mtu asiingie kumfuata."

Tumesimamisha nguzo mpaka jioni, kwenye mvua. Mimi nashika, Baba anagonga. Ng'ombe walikuja mpaka puani mwetu kutazama, wakataka kupita kama walivyozoea. Yule mtamba alikuwa mbele yao.

Baba akamwekea mkono kifuani, akamsukuma taratibu.

"Rudi kule," akamwambia. "Huku kuna watu."